Tusizuie nyanya kwa kosa la mche

Ukitoka Mbale kwa barabara ya Soroti, safari haijakolea unafika Nakaloke. Ni mji wa barabarani wa aina ambayo wasomaji wetu wanaijua vizuri: matenga ya nyanya, mikungu ya ndizi, magunia ya mihogo na viazi, bodaboda wanaosubiri mzigo, na maduka ya pembejeo yenye chupa za dawa zilizopangwa dirishani. Mzigo ukinunuliwa hapa una njia zake. Ukishuka kusini unafika Tororo, kisha Malaba au Busia, na Kenya iko mbele. Ukipanda kaskazini unaelekea Soroti, Lira na hatimaye Juba. Na kule juu ya Mlima Elgon, viazi vya Kapchorwa vina njia yao ya Suam, upande wa pili kuna Kitale.

Mfanyabiashara wa mpakani hujua mambo mengi kwa kichwa: bei ya leo, kiwango cha kubadilisha shilingi ya Uganda kwa ya Kenya, siku ambayo foleni ya malori hupungua, na karatasi ambayo ofisa ataiulizia. Jambo moja huwa halimo katika hesabu zake, nalo ni udongo. Anaponunua nyanya hatazami shamba. Hata hivyo shamba ndilo linaloamua kama msimu ujao atapata cha kupakia.

Muulize mnunuzi yeyote wa nyanya kwa nini mkulima aliyekuwa akimjazia matenga kumi sasa anamjazia manne. Atakutajia mvua, atakutajia mbegu mbaya, atakutajia dawa feki. Yote hayo yapo. Lakini nenda shambani, chagua mnyanya uliodumaa, wenye majani ya njano na unaonyauka mchana ingawa jana ulimwagiliwa, uung'oe taratibu na uutikise udongo. Mara nyingi utakuta mizizi imejaa vinundu, kama shanga zilizotungwa vibaya. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo. Wakulima wengi hawamjui adui huyo kwa jina, na wengi humwita mnyauko, humpulizia dawa ya majani, na kupoteza fedha mara mbili.

Tahariri hii inahusu mnyoo huyo na ndugu zake, na dawa ambayo sayansi inaipata katika udongo huohuo: vijidudu vinavyomla, vinavyomtia ugonjwa au vinavyomzuia kuingia mzizini. Tunaiandika kwa ajili ya wafanyabiashara, si kwa wakulima peke yao, kwa sababu mbili. Kwanza, minyoo hawa husafiri kwa mikono yetu. Pili, dawa yao inakwama kwenye mipaka yetu.

Adui aliye chini ya ardhi

Minyoo wanaoshambulia mimea ni wadogo mno. Wengi hawafiki urefu wa milimita moja na huonekana kwa hadubini tu. Jike wa mnyoo fundo hukaa ndani ya mzizi, hunyonya, na hutaga mamia ya mayai katika ute. Katika udongo wenye joto kizazi kimoja hukamilika kwa takriban mwezi mmoja. Kwa hiyo nyanya zinapofika kuvunwa, shamba limeshapokea vizazi kadhaa vya minyoo, na msimu unaofuata unaanza na deni. Tena vidonda wanavyoacha mizizini ni mlango wazi kwa bakteria wa mnyauko. Ndiyo maana shamba moja huonekana lina magonjwa mawili kwa pamoja.

Kwenye ndizi yuko mnyoo mwingine, Radopholus similis. Huyu huchimba ndani ya mzizi na kuuozesha. Mgomba huendelea kusimama, hutoa hata mkungu, kisha siku ya upepo huanguka na mizizi yake yote juu. Watafiti nchini Uganda wameripoti kuwa minyoo wanaweza kuchukua hadi nusu ya mavuno ya ndizi za kupika, yaani matoke. Kwa nchi ambayo matoke ni chakula, ni biashara na ni heshima ya nyumba, hilo si jambo dogo.

Kwenye viazi mviringo kuna adui anayetisha zaidi. Ni mnyoo anayeitwa Globodera rostochiensis. Jike wake akifa, mwili wake hugeuka kifuko kigumu chenye mamia ya mayai, na kifuko hicho kinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka ishirini kikisubiri kiazi. Aliripotiwa Kenya mwaka 2015, na baadaye akaripotiwa Rwanda na Uganda. Hakupita kwa ndege wala hakuogelea Mto Suam. Mnyoo peke yake husogea mita chache tu katika maisha yake. Anayemsafirisha ni binadamu, kwa mbegu ya viazi yenye udongo, kwa gunia lililotumika, kwa buti na kwa gurudumu la trekta.

Dawa zilizokuwa zikitegemewa zinaondoka

Kwa miaka mingi jibu la minyoo lilikuwa sumu kali. Mashamba makubwa yalifukiza udongo kwa methili bromaidi. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na kwa Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2015 kuacha kuitumia kwa kazi hiyo. Wakulima wengine walitumia chembechembe za kabofurani. Hiyo ni sumu inayoua zaidi ya minyoo: nchini Kenya ilihusishwa na simba na ndege waliolishwa nyama yenye sumu, na mwaka 2009 mtengenezaji wake aliiondoa katika soko la Kenya. Mwaka 2017 iliwekwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ile ya kemikali ambazo haziwezi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kutoa ridhaa.

Hatuzililii dawa hizo. Lakini zinapoondoka bila kingine kuja mahali pake, mkulima mdogo hubaki na mambo matatu: kuhama shamba, kubadilisha zao, au kununua chupa isiyo na jina kutoka kwa mtu asiye na duka. La kwanza ni gumu katika Bugisu, ambako ardhi imegawanywa hadi imekuwa vipande. La pili ni zuri lakini halitoshi, kwa kuwa minyoo fundo hawachagui sana: wakikosa nyanya watakula biringanya, maharage na hata magugu. La tatu ndilo linalotokea, na sote tunajua chupa hizo hupita wapi.

Dawa ya udongo imo udongoni

Sasa tuje kwenye habari njema. Mwaka 1979 Parviz Jatala na wenzake wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi nchini Peru walieleza juu ya kuvu waliyoikuta ikiyala mayai ya minyoo. Leo inaitwa Purpureocillium lilacinum, na ni miongoni mwa vijidudu vinavyouzwa zaidi duniani kwa kazi hiyo. Nyuzi zake hutoboa ganda la yai na kumaliza kilichomo kabla hakijaanguliwa. Kuna bakteria aitwaye Pasteuria penetrans, ambaye mbegu zake hung'ang'ania ngozi ya mnyoo mchanga kama kupe, kisha humjaa ndani hata jike asiweze kutaga. Kuna kuvu za jamii ya Trikoderma zinazoishi kuzunguka mizizi na kuchukua nafasi kabla ya mgeni mbaya kufika.

Hapa Uganda kazi yenye mvuto zaidi ilifanywa kwenye mgomba. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, miongoni mwao Thomas Dubois na Mganda Pamela Paparu, walichunguza kuvu zinazoishi ndani ya mizizi ya migomba yenye afya bila kuidhuru. Walizitoa, wakazikuza, kisha wakazirudisha kwenye miche iliyozalishwa maabara. Katika majaribio ya vyungu, miche iliyopewa kuvu hizo iliwapunguza minyoo wa ndizi.

Mantiki yake inaeleweka hata na mtu ambaye hajawahi kuingia maabara. Mche wa chupa, yaani uliozalishwa kwa tishu, hutoka ukiwa safi kabisa. Hauna minyoo, hauna ugonjwa. Lakini usafi huo ni kama wa mtoto aliyelelewa ndani bila kutoka. Pamoja na maadui, umeondolewa pia marafiki ambao mgomba wa kawaida hukua nao mizizini. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye shamba lenye minyoo, unakuwa mgeni asiye na ndugu. Kuurudishia kuvu njema ukiwa bado kitaluni ni kuupa ndugu kabla ya safari. Na kitaluni ndiko mahali pa gharama nafuu, kwa sababu unatibu kiganja cha udongo badala ya ekari nzima.

Jirani zetu Kenya nao wana somo. Watafiti wa IITA, wa kituo cha icipe cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani walijaribu kufunga mbegu ya kiazi katika karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba kabla ya kuipanda. Karatasi hiyo ilitiwa kiasi kidogo sana cha abamektini, dawa inayotokana na bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces. Kundi hilo la dawa lilianza na bakteria aliyepatikana katika udongo wa Japani, na ndilo lililowapa Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015, mwaka uleule ambao mnyoo wa viazi aliripotiwa Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha mavuno yakipanda katika mashamba yaliyoathirika, mahali pengine hadi mara tano. Ilibainika pia kuwa karatasi yenyewe hunasa harufu za mzizi ambazo mnyoo huzifuata, hivyo humfanya apotee njia.

Msomaji mfanyabiashara asipite hapo haraka. Karatasi ya nyuzi za mgomba! Mkoa mzima wa Mbale hukata migomba kila siku na kuacha magogo yaoze. Kama kuna bidhaa inayostahili kutengenezwa upande mmoja wa mpaka na kuuzwa upande wa pili, ni hii.

Si muujiza

Gazeti hili halitaki kumuuzia mtu ndoto. Vijidudu si sumu, na havifanyi kazi kama sumu. Havileti matokeo usiku mmoja. Jua kali huviua, joto la duka la mabati huviua, kemikali ya kuua kuvu ikichanganywa navyo huviua. Kinachofanya vizuri kwenye chungu mara nyingi hupungua nguvu kikifika shambani, ambako mvua, aina ya udongo na wenyeji wengine wa udongo nao wana neno. Kinafanya kazi vizuri kikiungana na mambo ya kawaida: miche safi, samadi iliyoiva, kubadilisha mazao, na kung'oa na kuteketeza mizizi yenye vinundu baada ya kuvuna.

Kuna hatari nyingine ambayo lazima isemwe wazi. Kuvu njema iliyotolewa kwenye migomba ya Uganda ni ya jamii ya Fusarium oxysporum. Katika jamii hiyohiyo yumo yule anayesababisha mnyauko wa Panama, ugonjwa ulioangamiza mashamba ya ndizi duniani. Tofauti ya rafiki na muuaji haionekani kwa macho. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kwamba kwa kuwa ni vitu vya asili, vipite tu. Asili ina nyuki na ina nyoka. Kijidudu hai lazima kijulikane ni nani, kimetoka wapi, na nani atakayewajibika kikileta madhara.

Na kuna tatizo la uaminifu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliopima bidhaa 65 za vijidudu zinazouzwa kibiashara, ulikuta kuwa karibu nne katika kila kumi hazikuwa na kijidudu hata kimoja cha wale walioandikwa kwenye lebo. Zilikuwa na vijidudu vingine vilivyoingia kwa uchafu. Mkulima aliyenunua pakiti kama hiyo hakuibiwa fedha tu. Aliibiwa imani. Ukija msimu ujao na bidhaa halisi, atakufukuza.

Mpaka unazuia nini?

Turudi barabarani. Kenya ina viwanda vinavyozalisha viumbe na vijidudu vya kudhibiti wadudu na maradhi ya mimea, kama Dudutech ya Naivasha na Real IPM ya Thika. Vilikua kwa sababu mashamba ya maua na mboga za kuuzwa Ulaya yalibanwa na masharti ya masalia ya sumu. Ulaya haikutaka sumu, Kenya ikajifunza vijidudu. Lakini barabara ileile inayotoka Naivasha, ikapita Nakuru na Eldoret hadi Malaba, Tororo na Mbale, haipitishi maarifa hayo kwa urahisi inavyopitisha saruji na sabuni.

Sababu ni usajili. Kiuatilifu kilichosajiliwa Kenya na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Viuatilifu hakiruhusiwi kuuzwa Uganda hadi kisajiliwe upya chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kemikali za Kilimo ya mwaka 2006. Kikitaka kwenda Tanzania kinaanza tena mbele ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kila nchi na majaribio yake, ada zake na meza zake. Kampuni kubwa ya kemikali inamudu, kwa sababu itauza malori. Anayetengeneza kijidudu cha minyoo kwa wakulima wa robo ekari hamudu. Matokeo yake ni kwamba sumu kali ina njia nyingi za kufika Nakaloke kuliko dawa laini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeandaa miongozo ya pamoja ya kujaribu na kusajili viuatilifu, vikiwemo vya kibiolojia, ili majaribio yaliyofanywa nchi moja yasaidie usajili katika nyingine. Huo ni mwelekeo sahihi. Lakini mwongozo uliomo kabatini hautibu mzizi. Miteremko ya Elgon ni mlima mmoja wenye serikali mbili. Udongo wa Bungoma na udongo wa Manafwa haujui mstari uliochorwa na wakoloni. Kama jaribio limefanyika vizuri upande mmoja, kwa nini lirudiwe lote upande wa pili kana kwamba limefanywa mwezini?

Wakati dawa ikizuiwa, adui anapita. Na hapa ndipo tunataka maofisa wa mpakani watusikilize vizuri. Tunda la nyanya lililosafishwa halibebi minyoo fundo kutoka shamba moja hadi lingine. Minyoo wako mizizini na udongoni. Tenga la nyanya zinazokwenda kuliwa Busia si hatari kwa mashamba ya Busia. Hatari ziko kwingine, na zinahesabika: mbegu ya viazi isiyo na cheti, machipukizi ya ndizi yaliyong'olewa na udongo wake, miche ya kitalu, tangawizi na viazi vitamu vya kupanda, magunia yaliyotumika, na matenga yanayorudi na matope. Ukaguzi unaomsimamisha mama mwenye matenga mawili ya nyanya kwa saa nne, huku pikapu yenye magunia ya mbegu ya viazi ikipita njia ya panya usiku, haulindi mmea wowote. Unalinda kiti cha ofisa tu.

Tunalisema hili kwa sababu tumeona mambo yanavyokwenda tatizo likishughulikiwa kwa kuchelewa na kwa hamaki. Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Hofu ya sumukuvu ilikuwa ya kweli, inaua. Lakini amri ilishuka kama radi, malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye masharti ya kupitisha mahindi yakatolewa, masharti ambayo yangeweza kutangulia amri. Aliyelipa gharama ya zile siku alikuwa mfanyabiashara mwenye mtaji wa lori moja. Mnyoo wa viazi ameshaingia nchi zetu tatu. Tukisubiri hadi mtu aamke na amri ya kufunga Suam au Lwakhakha, tutakuwa tumerudia kosa tukilijua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa mpakani hujengwa kwa fedha za mchuuzi.

Tunachotaka kifanyike

Kwanza, serikali za Uganda na Kenya zianze na orodha fupi ya vijidudu vinavyojulikana, vilivyokwisha kusajiliwa katika nchi moja na kutumiwa kwa miaka, na zikubaliane kutambua majaribio ya upande wa pili kwa ukanda wa Elgon. Usalama ukaguliwe, lakini kazi iliyokwisha kufanywa isifanywe upya kwa ajili ya ada.

Pili, taasisi ya utafiti ya Buginyanya, ambayo ndiyo ya kanda hii chini ya shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, ipewe uwezo wa kupima udongo na mizizi kwa wakulima na wenye vitalu. Mkulima wa Nakaloke asilazimike kupeleka mzizi Kampala ili aambiwe ana minyoo. Kipimo cha bei nafuu karibu na nyumbani kitaokoa fedha nyingi kuliko mahubiri mengi ya redioni.

Tatu, nguvu ielekezwe kitaluni. Wenye vitalu vya nyanya, ndizi na kahawa ni wachache kuliko wakulima, na ni rahisi kuwafikia. Mche unaouzwa uwe umeoteshwa katika udongo uliotibiwa, na pale ambapo kijidudu kimesajiliwa uwe umepewa. Anayeuza miche yenye vinundu anauza ugonjwa, na leseni yake iulizwe.

Nne, lebo ziandikwe kwa lugha inayosomwa. Pakiti ya kijidudu hai isiyoeleza kwa Kiswahili namna ya kuihifadhi, tarehe ya kwisha na kisichopaswa kuchanganywa nayo ni pakiti iliyokufa kabla haijafunguliwa. Hii ndiyo maana ya kuwa na lugha moja katika jumuiya: haikuwekwa kwa ajili ya hotuba.

Tano, ukaguzi upimwe kwa hatari. Vituo vya pamoja vya Busia na Malaba vilijengwa ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mbili. Vifanye hivyo. Vya kupanda vikaguliwe kwa ukali, vya kula vipite haraka.

Na sisi wenye mizigo?

Ni rahisi kuzinyooshea serikali kidole. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni zetu. Wafanyabiashara wengi huamini kwamba cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, kinatosha kwa kila kitu. Hakitoshi. Kinaondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizoorodheshwa, lakini hakiondoi sharti la cheti cha afya ya mimea kwa vitu vya kupanda. Anayebeba mbegu ya viazi bila cheti hicho hakwepi karatasi tu. Huenda amebeba miaka ishirini ya hasara, akaishusha kwenye shamba la mteja wake mwenyewe.

Yako mambo ambayo hayahitaji waziri. Usinunue machipukizi ya ndizi yenye udongo. Mwombe mkulima ayamenye hadi nyama nyeupe ionekane na kuyatumbukiza katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, njia ambayo IITA imeifundisha na inayohitaji sufuria na kuni tu. Osha matenga kabla hayajarudi shambani. Usitumie gunia lililobeba viazi vya kula kubebea mbegu. Usiuze viazi vya kula kama mbegu, hata kama mteja anaomba na bei ni tamu.

Na wewe mwenye duka la pembejeo, pakiti ya vijidudu si sabuni. Usiianike dirishani. Iweke kivulini, mahali pa baridi, uza ya zamani kwanza, na iliyopitwa na tarehe irudishe ulikoichukua. Ukimuuzia mkulima vijidudu vilivyokufa, atasema vijidudu ni uongo, na atarudi kwenye chupa isiyo na jina. Hapo utakuwa umeua soko lako kwa mikono yako.

Mtangamano wa Afrika Mashariki umezungumzwa sana kwa mabomba, reli na sarafu. Sisi tunadhani unaweza pia kupimwa kwa kitu kidogo zaidi: kama mkulima wa Nakaloke anaweza kupata, kwa haki na kwa bei anayoimudu, kijidudu kinachomsaidia mwenzake wa Naivasha, na kama mchuuzi anayenunua nyanya zake anaweza kufika Busia kabla hazijalainika. Leo mnyoo anapata yote mawili, safari na makazi. Mkulima na mchuuzi bado wanasubiri kwenye foleni.